Mshale Niliouficha

Kambini Nakivale, Uganda, kila mtu alimwita Mwalimu, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha kitu. Mimi alinipa jina la Mama Katibu, kwa sababu siku aliyohitaji mtu wa kuandika, mimi ndiye niliyekutwa na kalamu inayotoa wino. Toka hapo hata watoto wangu wa kuzaa wakawa wananiita hivyo kwa kejeli. Nitaeleza habari zake kama nilivyomjua. Ukoo wake siujui, alikozaliwa sikuuliza. Nakivale mtu akikuuliza kwenu ni wapi, unafikiri mara mbili kabla ya kufungua mdomo. Ninachokijua ni mikono yake, majivu yake, maharagwe yake, na jambo moja ambalo nilimficha kwa miaka tisa. Jambo hilo lilimhusu mjukuu wake aliyekufa. Nisipolisema, haya mengine yote yatakuwa porojo tu.

Na msinishangae kwa Kiswahili hiki cha vitabu. Ni yeye aliyenilazimisha. Mdomoni aliongea kama sisi wote tuliotoka Kivu ya Kusini, Kongo, lakini kwenye daftari hakutaka kusikia. "Mudomo ni ya nyumbani," aliniambia, "daftari ni ya batu bote." Akiona nimeandika "fasi" badala ya "mahali", au "njo" badala ya "ndio", ananirudishia ukurasa mzima, nami nanuna kama mtoto, halafu naandika upya.

Kazi yake ilikuwa kutafuta sababu. Alianza hivi. Miaka yetu ya kwanza pale, shitingi, yale maturubai ya plastiki ya nyumba zetu, zikiwa bado zinang'aa, alikuja kijana mmoja Mzungu wa utafiti akamchukua Mwalimu awe mkalimani. Kijana akatandika karatasi kubwa chini, akauliza: jambo gani linaleta jambo gani? Njaa inaletwa na nini, na yenyewe inaleta nini? Kila tukijibu anachora mshale. Hapo tulimwelewa vizuri. Tatizo ni kwamba kila mshale alitaka tuupe namba ya nguvu yake, na namba yenyewe isizidi moja. Bibi mmoja mchokozi akamkazia macho: "Weye mutoto, njaa ya sifuri nukta saba ni njaa gani? Ni ya asubui ao ya magaribi?" Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na Mwalimu alitafsiri huku anajifuta machozi. Kijana alirudi kwao na karatasi zake, na hatukumsikia tena. Mwalimu alibaki na mishale.

Aliitoa kwenye karatasi akaiweka chini, kwenye udongo uliofagiliwa nyuma ya kanisa letu la shitingi. Mshale ulikuwa mstari wa majivu. Kandambili kuukuu, kopo, kipande cha kibuyu, kila kimoja kilisimama badala ya jambo: hiki ni mvua, hiki ni homa, hiki ni watoto kuacha shule. Na badala ya namba akaweka mbegu. Harage, kama jambo la kwanza linaongeza la pili. Punje ya hindi, kama linapunguza. Moja ni kidogo, mbili ni ya kati, tatu ni nyingi. Nne haikuwepo. Mama mmoja aliyekuwa amefiwa na mume aliwahi kumimina kiganja kizima kwenye mshale mmoja. Mwalimu alimwacha alie mpaka amalize, ndipo akachuchumaa akaziokota moja moja, akabakiza tatu. "Nimesikia zote, mama," alimwambia, "lakini shema, huu muchoro, inabeba tatu tu."

Watu walibishana juu ya harage moja kuliko walivyobishana juu ya mipaka ya mashamba. Alipenda sana ubishi huo. Yeye mwenyewe haweki mbegu, anazunguka na kijiti chake, anauliza, "Bote munakubali? Mama wa kule nyuma, weye unanyamaza, hukubali?" Na yule wa nyuma akishasema, mara nyingi ndiye aliyekuwa na jambo.

Alichokipenda kuliko vyote ni mshale unaorudi ulikotoka. Udongo ukichoka mavuno yanapungua. Mavuno yakipungua mtu anaogopa kupumzisha shamba. Shamba lisipopumzika udongo unachoka zaidi. Akifika hapo anapiga kofi moja tu: "Alore! Imerudia!" Kuna inayorudi na kujituliza, alisema, kama sufuria ya maharagwe inayofurika mpaka inazima moto wake yenyewe. Kuna inayorudi na kuzidi, na hiyo haiishi hata ukiiombea. Lazima mtu aingize mkono ndani aikate mahali. Alitumia saa nzima kutafuta mahali pa kuingiza mkono, na mara nyingi palikuwa padogo mno, hata unaona aibu kwamba hukupaona.

Siku moja tulikwenda Kabingo, kwenye ugomvi wa ng'ombe na mashamba. Wenyeji wako upande huu, wakimbizi upande ule, Mwalimu katikati na kopo lake la majivu. Akatokea polisi na bunduki begani.

"Wewe mzee! Hii nini unamwaga chini? Hii dawa ya mchawi?"

"Hapana, afande. Iko majivu na maharagwe."

"Maharage nafanya nini kwa majivu?"

"Inatafuta sababu, afande. Sababu ya ng'ombe kuingia ku mashamba."

Polisi akacheka. "Sababu ni ng'ombe nataka kula! Andika hiyo!"

Mwalimu hakucheka hata kidogo. Alivua kofia, akasema, "Afande ameleta mushale muzuri," akauchora, akamuuliza auwekee mbegu ngapi. Polisi yule alikaa chini pale mpaka jua likaegemea magharibi, bunduki mapajani, anabishana kuliko wenye ng'ombe. "Hapana, hapana, hii ya kiangazi weka tatu! Tatu, mzee!" Tulirudi Nakivale tunamwigiza njia nzima, na Mwalimu akawa anatukataza huku anacheka.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kiburi cha kimyakimya. Akisifiwa anakunja uso, lakini kesho yake unamwona amevaa shati lenye kola. Alijua kwa nini paa la kila mtu linavuja, na la kwake lilivuja miaka yote niliyomjua. Akisikia mtu anasema "ni Mungu alipenda hivyo" alikasirika waziwazi: "Mungu munamupa mishale mingi yenye haiko yake!" Na Jumapili ndiye wa kwanza kanisani, ndiye anayeomba sala ndefu kuliko mchungaji.

Kitu kimoja alikataa kukichora. Wazee walimjia, wakulima na wafugaji pamoja, jambo ambalo lenyewe lilikuwa ajabu, wakamwomba atuchoree vita iliyotutupa huku. Alishika kijiti, akatazama udongo muda mrefu, akakirudisha. "Hapana, bazee. Kila mutu ataanzisha mushale kwa nyumba ya mwenzake." Wakaondoka. Nafikiri aliwajua vizuri, na alijijua yeye pia.

Aliishi na mjukuu wake, Sifa. Mama yake Sifa, binti wa Mwalimu, alikuwa Mbarara, maeneo ya Ruti, akipika kwenye hoteli ndogo kando ya barabara ya Kabale, na alikuja kumwona mtoto kila mwezi. Kwa hiyo mtoto alilelewa na babu, na sisi majirani tukisaidia pale mwanaume anaposhindwa: kusuka nywele, kushona, kupima homa kwa mgongo wa mkono. Alikuwa na miaka minne hivi, mnene wa mashavu, mwenye sauti kubwa isiyojua siri. Kwenye mikutano alitambaa katikati ya mishale akaokota maharagwe na kuyatia mfukoni. Tukirudi kutazama, mshale wa malaria hauna kitu. Mwalimu anauliza kwa uso wa hakimu, "Nani amepunguza malaria?" Na Sifa, aliyemwita babu yake koko, anajibu kwa kujisifu, "Ni miye, koko!" Mkutano unavunjika kwa vicheko, na mbegu zinarudishwa.

Mwaka mmoja wa njaa, chakula cha mgawo kilichelewa sana. Mama Sifa alikuja kutoka Ruti akakuta nyumba haina kitu, ila kopo la maharagwe ya mikutano. Akayapika. Mwalimu aliporudi alinusa, akatazama kopo, akatazama sufuria. Tulidhani atafoka. Alikaa, akamwekea Sifa kwanza, akasema, "Leo tunakula sababu." Alikula taratibu, na binti yake alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

Sasa nifike kwenye bomba. Safu yetu ya nyumba na safu nyingine kadhaa tulichota kwenye bomba moja, nalo lilifunguliwa saa chache tu asubuhi. Mwalimu aliona jambo ambalo sote tulikuwa tukilipita kila siku. Mama mwenye mtoto mgonjwa anachelewa kutoka nyumbani. Akichelewa, foleni imeshakuwa ndefu, bomba linafungwa kabla hajafikiwa. Akikosa maji anashuka ziwani. Maji ya ziwa yanamrudishia mtoto kuhara, na kesho mama anachelewa tena. Kofi likapigwa: imerudia! Tukatafuta pa kuingiza mkono, naye akapaona. Mama mwenye mtoto mgonjwa apite mbele, basi. Kamati ya bomba ikakubali siku ileile.

Jamani, ilifanya kazi. Msimu mzima tuliona watoto wakinenepa. Watu wa shirika moja walisikia, wakamwita Mbarara awafundishe wenzao mishale yake kwa siku kumi na nne. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile bila kucheka. Aliazima tai. Aliifunga na kuifungua mara nyingi mbele ya kioo changu kidogo, akaniuliza, "Mama Katibu, iko sawa?" Nikamwambia anafanana na direkta wa shule. Sifa akabaki kwangu.

Siku ileile aliyoondoka, mashine ya kuvuta maji iliharibika, maji yakapungua, foleni ikawa ya kukatisha tamaa. Ndipo mama mmoja akambeba mtoto wake mzima, akasema ana homa, akapita mbele. Kesho yake walikuwa watatu. Siku ya tatu wanawake walikuwa wanaazimana watoto kama wanavyoazimana kinu. "Niazime mutoto wako nifike naye ku robine," wanaambiana, yaani bombani. Tulicheka, tukaona ni ujanja. Wangu walikuwa wakubwa, hakuna mtu angeamini ni wagonjwa wa kubebwa. Lakini nyumbani kwangu alikuwepo Sifa.

Nilimchukua asubuhi tatu. Nilimfunika kitenge kizito juani, nikamfundisha kulaza kichwa begani na kufumba macho, nikapita mbele. Mbele pale walikuwa wamekusanyika watoto wote waliokuwa wagonjwa kweli wa safu zote zile, kifua kwa kifua, na kati yao surua ilikuwa imeshaingia bila mtu kujua. Mimi nilijaza jerikani zangu mbili nikarudi nyumbani nimefurahi.

Mwalimu alirudi siku ya kumi na tano na mkate wa duara aliomnunulia mjukuu wake Mbarara. Alimkuta Sifa ana siku mbili za moto, macho mekundu, hawezi kuvumilia mwanga. Hakumtambua babu yake. Zahanati walifanya yote waliyoweza, na mama yake aliwahi kufika. Siku ya nne tangu babu arudi, Sifa alitutoka. Mkate ule ulikaa kwenye mfuko wake mpaka watu wakauondoa.

Siku ya maziko aliniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zile siku sikukuwako, alikuwa namna gani?"

"Alikuwa muzuri, Mwalimu," nikasema. "Siku za kawaida tu." Nikaenda kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Matanga yalipokwisha alituita nyuma ya kanisa. Alichora haraka, kama mtu anayenakili. Agizo la bomba linaleta watoto wa kuazimwa. Watoto wa kuazimwa wanajazana na wagonjwa. Surua inaenea, wagonjwa wanaongezeka, wanaopita mbele wanakuwa wengi, foleni ya nyuma haisogei, watu wanaazima zaidi. Ilirudi, na hakupiga kofi. Kutoka bombani akavuta mshale hadi kwa watoto wa majirani, na kutoka kwa watoto wa majirani hadi kwenye kikombe cha Sifa, alichokiweka badala ya mtoto mwenyewe. Halafu akavua kiatu chake akakiweka mwanzo wa yote. "Hii ni neno yangu," akasema. Kwa mara ya kwanza akaweka mbegu kwa mkono wake mwenyewe, tatu, kwenye mshale uliotoka kwenye kiatu.

"Nani ako na mushale ingine?" akauliza.

Wanawake wote waliinamisha vichwa. Nami nilikuwa na daftari mapajani, kalamu mkononi. Ulikuwa mshale mfupi tu, kutoka bombani moja kwa moja hadi kwenye kikombe, bila kupita kwa jirani yeyote. Ningeweza kuuchora bila hata kusimama. Niliandika aliyoyasema yeye, kwa Kiswahili safi, bila "fasi" hata moja, nikamwonyesha ukurasa. Alisoma mpaka mwisho akanirudishia.

Nilimwogopa nani? Yeye hapana. Nilimwogopa Mama Sifa, na niliogopa safu yetu, mahali ambapo ukikohoa jirani anajua. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa mwezi, na mwezi ukawa mwaka, na kadiri nilivyochelewa ndivyo kulivyokuwa kuzito kusema, na kwa sababu ya uzito huo nikachelewa zaidi. Nilikuwa nimekaa ndani ya mojawapo ya michoro yake na nilikuwa naujua hata jina lake.

Agizo la bomba lilifutwa. Mwalimu hakuchora tena. Watu walimfuata na ng'ombe zao, na mipaka yao, na wake zao waliokasirika, yeye anasema kijiti kimepotea. Akikutana nami anasalimia vizuri. Mwaka mmoja baadaye, tukipura maharagwe, aliniuliza tena: "Mama Katibu, zile juma mbili na Sifa, mulifanya nini na nini?" Nikasema sikumbuki vizuri, Mwalimu, mambo ya siku zote. Akaendelea kupura. Binti yake alikuja akamchukua, wakahamia Mbarara, wakapanga chumba Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi. Mimi niliungama kwa mchungaji, akaniambia Mungu amenisamehe. Nilimshukuru, nikalala vibaya kama kawaida.

Kilichonisukuma ni orodha ya wakimbizi wa kuhamishwa. Jina langu na la wanangu lilitoka kwenda nje, nchi ya baridi mbali huko, na nikaambiwa nijiandae. Nikajua kwamba nikipanda ndege na neno hili, nitakufa nalo. Nikaenda Nyamitanga.

Nilikuta chumba nyuma ya ua mmoja karibu na shule ya masista. Mlango ulikuwa wazi. Alikuwa kwenye kiti cha plastiki, amekonda, macho yote mawili yana ukungu mweupe. Aligeuza kichwa.

"Mama Katibu," akasema kabla sijabisha. "Unavuta kandambili namna ile ile."

"Mwalimu, nimekuja kusema kitu."

"Kaa kwanza."

"Nikikaa sitasema."

Nilisema nimesimama, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango. Nilisema nilimpeleka Sifa ku robine, asubuhi tatu, na hakuwa mgonjwa. Nilisema kitenge, nilisema kichwa begani. Nilisema ni mimi niliyemsimamisha kati ya wagonjwa, haikuwa jirani, haikuwa neno la Mwalimu. Nilisema ni mimi niliyeandika daftari na nikauacha mshale ule makusudi. Nilipomaliza nikakaa sakafuni bila kukaribishwa mara ya pili.

Wasichana wa shule walipita nje wakicheka. Alingoja wapite.

"Sifa alikuwa wa kwanza ku safu yetu," akasema. "Batoto ba majirani baligonjwa nyuma yake. Wa kwanza hawezi kupata ugonjwa kwa wa pili. Ile shema ilikuwa ya uongo, Mama Katibu. Nilijua wakati naichora."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

"Nilikuuliza mara mbili."

"Uliniuliza alikuwa namna gani. Hukuniuliza nilimpeleka wapi."

"Ya kupelekwa wapi nilikuwa nimeshahesabu mwenyewe." Alipangusa magoti yake kwa viganja, taratibu. "Ile ya namna gani njo nilikuwa ninaitaka. Miye nilikuwa Mbarara, na tai, nafundisha batu mishale. Mama yake alikuwa Ruti. Zile siku kumi na ine ziko kwako peke yako. Nilisema, nikimukaza huyu mama ataogopa, atazifunga kabisa. Nikangoja."

Miaka tisa nilidhani nimeficha kosa langu. Kumbe nilikuwa nimemfungia na mtoto humohumo ndani, siku zake zote za mwisho akiwa mzima, na mzee huyu alikuwa amekaa mlangoni anasubiri, na mimi kila mara namwambia ni siku za kawaida. Nililia kwa sauti, kama hatukuwa Nyamitanga kwenye nyumba za watu. Aliniacha nilie mpaka nimalize.

"Ku robine," akauliza, "alikuwa anafanya nini?"

Nikamwambia. Sifa hakuweza kudanganya. Nilikuwa nimemwambia afumbe macho na asiseme neno, na katikati ya foleni alifumbua jicho moja akauliza kwa ile sauti yake, "Mama Katibu, niko bado mugonjwa?" Wanawake wote walicheka, hata yule wa kamati aliyeshika ufunguo, akatuacha tupite kwa sababu ya kicheko hicho. Na siku ya tatu alikataa kubebwa. Alishuka, akasimama kwa mtoto mmoja aliyekuwa analia, akainua pindo la gauni lake akamfuta kamasi. Akamfuta na macho. Akamwambia, "Nyamaza, koko wangu atakuja, atapunguza."

Mwalimu alianza kucheka bila sauti, mabega tu, halafu uso ukabadilika, akaweka kiganja mdomoni akakaa hivyo.

"Gauni gani?" akauliza baadaye.

"Ile ya manjano. Yenye kifungo kimoja kilichokatika."

"Nilitaka kukishona," akasema.

Mama Sifa aliingia na birika la chai na vikombe vitatu. Alikuwa amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi mbele. Alitutazama, mimi sakafuni, baba yake na uso uliolowa.

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna," Mwalimu akasema. "Kaa hapa, mwanangu. Mama Katibu ameleta zile siku za Sifa."

Nadhani jina hilo halikuwa limetamkwa kwenye chumba kile toka wahamie. Alibaki amesimama na birika, na mvuke unampanda usoni. Nilimsogelea Mwalimu, nikamnong'oneza, "Yote?"

"Yote. Na ya ku robine. Yeye njo mama yake."

Mama Sifa aliweka birika chini. Hakumimina. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akafunga kitenge chake vizuri magotini, akaweka mikono juu yake, akanitazama na kungoja. Niliyaogopa macho yale kwa miaka tisa, na sasa yalikuwa hatua mbili kutoka kwangu.

"Siku ya kwanza," nikasema, "alikataa uji."